Kompyuta ndogo ya mezani inachemka: feni iwe kitu cha mwisho kununua

Kila kiangazi swali ni lile lile: "Fundi, nimeongeza feni, mbona bado inachemka na kelele zimezidi?" Linatoka kwenye steshenari za Ngarenaro hapa Arusha, kwa vijana wa gemu wa Majengo kule Moshi, kwa walimu wanaoandaa mitihani nyumbani usiku. Wote wameanza na feni.

Feni imewekwa kabla ya zamu yake. Kasha dogo halina nafasi ya kusamehe: feni mbili zikisukumana kinyume, hewa ya moto inazunguka humo humo ndani. Ndiyo maana hapa chini feni iko hatua ya sita, na wengi wenu hamtaifikia, kwa sababu shida itakuwa imekwisha kwenye ya tatu au ya nne.

Mwongozo huu ni wa makasha madogo ya mezani: zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre nyembamba za mtumba zilizojaa mjini, pamoja na makasha madogo ya kujiundia mwenyewe. Kama yako ni ile ndogo kabisa yenye ukubwa wa kitabu, fuata hatua nne za kwanza na ya saba. Hizo hazina mahali pa kuongeza feni.

## Vitu vya kuandaa

- Bisibisi ya nyota ya ukubwa wa kati na bapa ndogo.
- Brashi ya rangi ya inchi moja, mpya na kavu.
- Pampu ya baiskeli, au draya ya nywele yenye kitufe cha upepo baridi.
- Pesti ya prosesa (dawa inayowekwa kati ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na chuma cha kuipoza), bomba dogo la gramu 2 hadi 4 linatosha.
- Spiriti ya isopropili kutoka duka la dawa, asilimia 70 au zaidi. Sanitaiza ya jeli haifai, inaacha utando.
- Vipande vya fulana ya pamba iliyochakaa. Pamba ya hospitali inaacha nyuzi.
- Kamba za plastiki za kufungia nyaya.
- Kipimajoto cha chumba, hata kile cha bei rahisi cha ukutani.
- Vijiti vya udi na kiberiti. Kazi yake utaiona.
- Karatasi na kalamu, na simu ya kupigia picha.

Feni usinunue bado.

## Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa kitu

Kama unatumia Windows, pakua programu ya kusoma joto, HWiNFO au Core Temp. Wa Linux asakinishe lm-sensors kisha aandike sensors kwenye terminali. Zote hazilipiwi.

Washa kompyuta, iache dakika kumi bila kazi, andika joto la prosesa. Halafu ipe kazi nzito. Programu ya Cinebench R23 inafaa kwa sababu jaribio lake la kawaida linakwenda dakika kumi mfululizo. Andika joto la juu kabisa, na pembeni yake andika joto la chumba.

Hilo la chumba ndilo watu wanaliruka, na ndilo linalowapoteza. Prosesa inayofika nyuzi 78 Moshi mchana wa Februari, chumba kikiwa 32, imepanda nyuzi 46 juu ya chumba. Nyingine inayofika 64 Arusha mwezi Julai, chumba kikiwa 18, nayo imepanda 46. Hali yao ni moja. Kwa hiyo andika tofauti, ndiyo utakayoilinganisha mwishoni.

Kuhusu joto lenyewe, prosesa nyingi za Intel za mezani hujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 100. Chini ya 80 kwenye kazi nzito, lala usingizi. Kati ya 80 na 90 endelea na mwongozo bila haraka. Ikivuka 90 usiahirishe.

Sasa tazama joto linapandaje, maana hapo ndipo ugonjwa unapojitaja:

Linaruka papo hapo. Umebonyeza kuanza, ndani ya sekunde chache umeshafika 90. Joto halitoki kwenye prosesa kuingia kwenye hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachoipoza. Tatizo ni pesti iliyokauka au hitisinki iliyolegea. Feni kumi hazitakusaidia.

Linapanda polepole. Linaanza 60, dakika ya tano 75, dakika ya kumi 88. Hitisinki inafanya kazi yake, ila hewa ya kuipoza ni ya moto tayari. Hapa ni mahali ilipo kompyuta, vumbi, au njia ya hewa.

Kwa makasha ya kujiundia kuna jaribio la ziada: toa mfuniko wa pembeni, rudia Cinebench. Joto likishuka nyuzi kumi au zaidi, kasha linabana hewa. Lakini kwa OptiPlex jaribio hili linadanganya. Zile zina bomba la plastiki linaloelekeza hewa ya feni ya mbele kwenye hitisinki, na mfuniko ni sehemu ya njia hiyo. Ukiufungua, joto laweza hata kuongezeka.

*Umefaulu kama:* una karatasi yenye namba tatu, tofauti imeshapigwa hesabu, na unajua joto linaruka au linapanda polepole.

## Hatua ya 2: Ihamishe

Hii haigharimu kitu, na haifanywi.

Meza nyingi za kompyuta za mafundi seremala wetu zina kijumba cha kasha chini, chenye ubao nyuma na wakati mwingine hata mlango mbele. Kompyuta ikikaa humo inavuta hewa iliyoitoa yenyewe dakika moja iliyopita. Itoe. Kama meza huwezi kuibadilisha, mwambie seremala akate ubao wote wa nyuma. Matundu mawili ya kupitishia waya hayatoshi.

Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi nyuma, na mbele pasiwe na kitu kabisa. Inua kasha kutoka sakafuni, hata tofali mbili zinatosha, kwa kuwa vumbi la kufagia hupita chini. Usiliweke karibu na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Kwenye steshenari usiliweke ubavuni mwa mashine ya kutolea kopi, ile inatoa joto lake na unga wa wino juu yake.

Na kitambaa cha kufuma cha kufunikia kompyuta. Najua kinapendeza, na kwa usiku kinafaa kweli, kinazuia vumbi kompyuta ikiwa imezimwa. Asubuhi kitolewe chote, si kukunjwa nusu.

Kwa nini hatua hii ina uzito zaidi huku kwetu? Mji wa Arusha uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi kati ya 800 na 900. Hewa ya Arusha ni nyepesi kwa kama asilimia 13 kuliko ya pwani. Feni inazunguka vilevile, inasukuma ujazo ule ule, ila hewa hiyo inabeba joto pungufu. Karatasi za sifa za kompyuta za mezani za HP huweka kikomo cha joto la chumba kuwa nyuzi 35, kisha zinataka kikomo kishushwe nyuzi 1 kwa kila mita 300 hivi za mwinuko. Piga hesabu: Arusha unabakiwa na nyuzi 30 na kidogo, Moshi kama 32. Chumba cha bati bila dari, Moshi, saa nane mchana wa Februari, kinavuka hapo kabla hujawasha kitu.

*Umefaulu kama:* ukipima tena, tofauti imepungua, au ukiweka mkono nyuma ya kasha unasikia hewa inakwenda zake badala ya kurudi usoni.

## Hatua ya 3: Toa vumbi, lote

Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Toka nje, barazani au uani, mahali penye kivuli. Kabla ya kugusa mazabodi (ule ubao mkuu wa saketi) shika chuma kitupu cha kasha ili umemetuli ulio mwilini uishe. Kiangazi hewa ikiwa kavu jambo hili si utani.

Fungua mfuniko, piga picha za nyaya zote kabla ya kuchomoa hata mmoja. Kwenye OptiPlex nyanyua lile bomba la plastiki. Kwenye HP nyembamba nyingi kile kizimba cha diski kinainuka chenyewe kama mlango.

Sasa toa feni iliyo juu au mbele ya hitisinki. Usiishie kufuta mapanga yake. Vumbi lenyewe liko nyuma yake: tabaka la kijivu lenye wekundu, limeshonana na nyuzi za nguo na nywele, limekaa kati ya feni na mapezi ya alumini, nene kama kipande cha blanketi. Ukitazama kutoka nje feni inaonekana safi na inazunguka, hivyo mtu anahitimisha kwamba hewa inapita. Haipiti. Livute kwa vidole, mara nyingi linatoka kipande kizima.

Baada ya hapo piga brashi kufuata mkondo wa mapezi, juu hadi chini, usikate mapezi kwa mapana. Kisha puliza kutoka upande hewa inakotokea kwenda upande inakoingilia, ili vumbi lirudi lilikotoka badala ya kusukumwa ndani zaidi.

Ukipuliza feni yoyote, zuia panga lake kwa kidole. Feni ikizungushwa kwa upepo inageuka kuwa jenereta ndogo na inarudisha umeme kwenye mazabodi, na kwa kasi ile beringi zinakufa.

Maonyo matatu yanayotokana na yale ninayoletewa mezani:

Kompresa ya fundi pancha. Ndiyo njia ya haraka mjini, na sishauri. Hewa yake ina maji na mafuta kutoka kwenye tangi, na nguvu yake inavunja mapanga na kung'oa vijisehemu vidogo. Vumbi la huku likichanganyika na mafuta linakuwa tope linaloganda kwenye mapezi, na hilo halitoki tena kwa brashi.

Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani. Mdomo wake wa plastiki unazalisha umemetuli. Tumia nje ya kasha tu.

Pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha. Usiifungue kamwe. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa ndani yake unakaa kwenye kapasita kwa volti 325 au zaidi, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa. Puliza kupitia matundu yake, ukizuia panga kwa kijiti cha plastiki. Ikitoa harufu ya kuungua au feni yake ikikwama, badilisha pawa saplai nzima.

Rudisha kila kitu, hasa bomba la plastiki. Kuna mafundi wanaolitupa kwa kuona linaziba njia. Linaelekeza njia, na bila hilo feni ya mbele inapulizia kila kitu isipokuwa prosesa.

*Umefaulu kama:* ukielekeza mapezi kwenye mwanga unaona upande wa pili kati ya pezi na pezi. Pima tena. Kama kazi nzito sasa iko chini ya 80 na hairuki papo hapo, funga kasha, umemaliza. Hakuna sababu ya kugusa pesti inayofanya kazi.

## Hatua ya 4: Badilisha pesti

Fanya hivi kama joto linaruka ndani ya sekunde, au kompyuta ina miaka mingi na pesti yake haijawahi kuguswa. Mashine za mtumba kutoka Ulaya na Marekani nyingi ziko hivyo: zimefutwa nje zikang'aa, ndani pesti ni ile ya kiwandani, imekuwa unga.

1. Pasha kwanza. Washa kompyuta ifanye kazi dakika tano, kisha zima na chomoa. Pesti yenye uvuguvugu inaachia kirahisi.

2. Legeza skrubu kwa mshazari. Kidogo hapa, kidogo kwenye kona ya kinyume, mpaka zote ziachie. Hitisinki za asili za Intel zina vibanio vinne vya plastiki badala ya skrubu. Zungusha kila kimoja kufuata mshale wake, kisha vuta juu.

3. Zungusha, usivute. Sogeza hitisinki kushoto na kulia kidogo mpaka iachie. Kwa prosesa za AMD za soketi (kiti cha prosesa kwenye mazabodi) ya AM4 hili ni muhimu zaidi: ukivuta kwa nguvu prosesa inatoka nayo na pini zake zinapinda. Za Intel pini ziko kwenye soketi, kwa hiyo usiitoe prosesa kama huna sababu.

4. Futa pande zote mbili kwa kitambaa chenye spiriti mpaka chuma king'ae. Subiri ikauke.

5. Weka pesti kiasi cha punje moja ya mchele katikati ya prosesa. Usipake kwa kidole. Ukikandamiza hitisinki itajitandaza yenyewe. Ikizidi inavuja pembeni, na pesti nene inapitisha joto vibaya kuliko nyembamba, kwa kuwa kazi yake ni kuziba vijishimo kati ya chuma na chuma tu.

6. Shusha hitisinki moja kwa moja, kaza kwa mshazari tena, raundi mbili tatu, mpaka skrubu zigome zenyewe. Usizilazimishe. Vibanio vya Intel vinatoa mlio wa "tak". Ukisikia mitatu badala ya minne, kimoja hakijaingia. Geuza mazabodi au chungulia nyuma uhakikishe miguu yote minne imetokeza.

7. Chomeka feni. Inasahaulika kuliko unavyodhani.

Dawa ya meno iache kwa meno. Inapoza siku za mwanzo kwa sababu ina maji, ikikauka unarudi mahali pabaya zaidi. Pesti nyeupe ya vifuko vidogo haidhuru mashine, ila hukauka mapema, na katika kasha linalochemka utairudia kazi hii mapema kuliko ungependa.

*Umefaulu kama:* ukianza Cinebench joto linapanda kwa ngazi badala ya kuruka, na linatulia mahali pamoja. Likiruka tena, hitisinki haijakaa. Fungua, safisha, weka pesti mpya. Pesti iliyokwisha kukandamizwa haitumiki mara ya pili.

## Hatua ya 5: Nyaya

Fupi hii. Funga nyaya za ziada kwa kamba za plastiki, zibanwe chini au pembeni, zisikae mbele ya feni wala juu ya mapezi. Waya ukigusa panga ndio ule mlio wa "trrrr" unaouondoa kwa kupiga kofi kasha.

Kama bado una diski ngumu ya kuzunguka na unafikiria kuweka SSD, yaani diski isiyozunguka, fanya sasa. Utapunguza chanzo kimoja cha joto na utafungua nafasi. Vibati vya nyuma vya kuziba matundu ya kadi virudishe, la sivyo hewa inapita njia ya mkato bila kugusa kilicho moto.

## Hatua ya 6: Soma njia ya hewa, ndipo uongeze feni

Umefika hapa kwa sababu joto lako linapanda polepole hata baada ya kusafisha. Mara nyingi kuna kadi ya picha iliyoongezwa. Kadi kama GT 1030 inakula wati 30, lakini GTX 1650 inafika 75, na joto lote hilo linamwagwa ndani ya kasha ambalo mara nyingi pawa saplai yake nzima ni ya wati 240.

Kwanza udi. Funga kasha, washa kompyuta, washa kijiti kimoja, zima feni ya chumba na ufunge dirisha. Shika kijiti sentimita tano mbele ya matundu ya mbele. Moshi mzuri unajikunja na kuingia kama uzi. Pita nao taratibu pande zote: pembeni, nyuma, karibu na pawa saplai. Andika wapi unanyonywa na wapi unasukumwa. Jivu lidondokee kwenye kisahani, si kwenye matundu.

Unatafuta mahali moshi unaposukumwa nje halafu unapinda kona na kunyonywa tena. Hapo hewa ya moto inarudi ndani, na feni kubwa zaidi itairudisha kwa kasi zaidi. Ziba upenyo huo kwa sponji ya kubandika kabla ya kufikiria kingine.

Amua upande. Kasha dogo lisifanye ujanja: hewa iingie mbele chini, itoke nyuma juu. Makasha ya Dell, HP na Lenovo tayari yameundwa hivyo. Feni utakayoongeza ifuate mkondo uliopo, isiupinge. Kosa linaloniletea wateja ni feni iliyofungwa nyuma ikiingiza hewa, kwa wazo kwamba "baridi zaidi ndiyo nzuri". Inakutana na ile ya mbele katikati, na prosesa inakaa kwenye hewa iliyosimama.

Upande wa feni unaujua hivi: wenye vishikio na stika katikati ndio unaosukuma hewa nje ya feni. Feni nyingi pia zina mishale miwili ubavuni, mmoja wa mzunguko, mwingine wa hewa.

Chagua feni. Pima kwa rula kabla ya kwenda dukani. Makasha haya hupokea milimita 80 au 92, ya kujiundia mengine hupokea 120. Kubwa inayoingia ni bora kuliko ndogo, kwa sababu inasukuma hewa ile ile kwa mzunguko wa polepole na kelele kidogo. Chukua ya volti 12 yenye pini 4 ili mazabodi iweze kuitawala kasi.

Umeme wake. Tazama mazabodi ina tundu gani la ziada. La pini 4 linapokea feni ya pini 4 au 3. OptiPlex nyingi zina plagi ya pini 5 ya Dell wenyewe, na feni ya kawaida haiingii. Usikate waya wa feni ya asili kutafuta ulinganifu. Chukua umeme kutoka pawa saplai kwa adapta ya SATA (ile plagi bapa ya umeme wa diski). Feni ya namna hiyo itazunguka kasi moja muda wote, kwa hiyo nunua ya mzunguko wa chini.

Kwenye plagi za pawa saplai waya wa njano ni volti 12, mwekundu volti 5, mweusi ni hasi. Kuna wanaounga njano na mwekundu ili kupata volti 7. Usifanye hivyo. Njano na mweusi, basi.

Pa kuifunga. Kama kasha halina mahali, ifunge nje nyuma ya matundu kwa kamba za plastiki, ikivuta hewa kutoka ndani. Haipendezi, inafanya kazi. Gundi ya moto isitumike, inalainika.

Chujio. Mitaa yenye vumbi kama ya Muriet au Kwa Mrombo, Arusha, bila chujio mbele utarudia hatua ya tatu kila mara. Soksi ndefu ya nailoni iliyotandazwa tabaka moja juu ya matundu ya mbele inakamata vumbi ambalo wavu wa mbu unalipitisha. Ukishaiweka pima. Joto likipanda zaidi ya nyuzi nne, umeibana mno, au feni ya mbele ni dhaifu kwa chujio.

*Umefaulu kama:* moshi wa udi unaingia mbele na kutoka nyuma bila kurudi, na tofauti yako imeshuka. Feni iliyoongezwa ikileta chini ya nyuzi tatu, iondoe. Umenunua kelele.

## Hatua ya 7: Mipangilio

Kwenye HP ingia bayosi (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka), tafuta menyu ya "Thermal", pandisha kiwango cha chini cha feni kidogo kidogo. Mazabodi za kujiundia zina ukurasa wa feni: weka ianze kuongeza kasi nyuzi 60 badala ya kusubiri 75. OptiPlex hazikupi nafasi hiyo, ruka.

Kuna njia nyingine kwa Windows. Kwenye mipangilio ya juu ya umeme, kikomo cha juu cha prosesa ("Maximum processor state") kipunguze kutoka asilimia 100 hadi 99. Hilo kwa kawaida linazima ule mwendo wa ziada wa Intel, na joto linashuka vizuri. Kwa steshenari ya kuchapa barua na kutoa kopi mteja hataona tofauti. Mhariri wa video ataiona, asiitumie.

## Hatua ya 8: Pima tena, na zikigoma

Rudia hatua ya kwanza neno kwa neno: dakika kumi bila kazi, dakika kumi za Cinebench, joto la chumba, tofauti. Tarehe na tofauti ziandike kwenye kipande cha tepu ukibandike ndani ya mfuniko, fundi atakayefungua baadaye ajue pa kuanzia. Kiangazi osha chujio kila wiki. Pesti iache mpaka tofauti ipande nyuzi nane au kumi.

Kama bado:

Dell inaandika "Previous fan failure" ikiwaka. Feni ya asili haijachomekwa, imekwama, au umeiondoa ukaweka nyingine. Irudishe. Dell inataka kusikia mzunguko kutoka kwenye plagi yake.

HP inatoa 511 au 512. Ya kwanza ni feni ya prosesa haionekani, ya pili ni ya kasha. Angalia plagi kabla ya kulaumu feni.

Feni inapiga kelele kama ndege inaruka, lakini joto liko chini. Mara nyingi kihisi cha joto kimechomoka wakati wa kusafisha. Baadhi ya OptiPlex na HP zina kiwaya chembamba cha kihisi karibu na mbele. Linganisha na picha zako.

Tofauti bado ni zaidi ya nyuzi 55 na kila kitu ni safi. Uliza prosesa ilibadilishwa lini. Mtumba mwingi ulitoka na i3-4130 ya wati 54, muuzaji akaweka i7-4770 ya wati 84 juu ya hitisinki ile ile ndogo ya alumini tupu. Tafuta hitisinki ya mfano huo huo wa kompyuta yenye kiini cha shaba au mabomba ya shaba. Zinapatikana kwa mafundi wanaouza vipuri vya mashine zilizokufa. Nenda na yako mkononi, ulinganishe matundu ya skrubu hapo hapo kabla ya kulipa.